Kuni Zisizonunuliwa: Maisha ya Odete Inasio Nandule (1979–2025)

Baba Padre, wazee wa Kilambo, ndugu, majirani, na ninyi wafanyakazi wenzake marehemu mliotoka Mtwara mjini alfajiri ili mtuwahi: wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, Pascal, na ndiye anayeusoma. Desturi inamtaka msomaji ajiweke pembeni, kwa hiyo kila Pascal atakapohusika atatajwa kwa jina lake kama mtu mwingine yeyote. Kuna mahali atatajwa kwa jambo lisilompendeza. Familia imeyasoma yote, imeridhia yachapwe yalivyo, na inawaomba mvumilie jua.

Odete alizaliwa hapa Kilambo siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa kwanza wa Mzee Inasio Nandule na Mama Rosalina. Mzee Inasio alivuka Ruvuma mwaka 1971 akikimbia vita ya Msumbiji, mkononi ana jembe lisilo na mpini, akapewa kipande cha bonde alime mpunga, na hakurudi tena ng'ambo isipokuwa kwa misiba. Walizaliwa watoto wanne. Waliokua ni wawili, Odete na Pascal, na kati yao ilipita miaka tisa, ndiyo maana Pascal alipopata akili alimkuta dada ameshakuwa mama wa pili mwenye fimbo yake mwenyewe.

Kisa chake kinachosimuliwa zaidi bondeni ni cha viboko. Mwaka 1990 viboko waliingia kwenye mpunga, na ofisi ya kijiji ikataka kila kaya iseme majaruba mangapi yameliwa ili watu waombewe chakula cha msaada. Mzee Inasio alimtuma Odete akahesabu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Akarudi akasema ameona majaruba saba, na ya upande wa pili wa mfereji hakuyafikia kwa sababu maji yamejaa. Baba akamwambia aseme kumi na tano, kwani kila mtu anasema kumi na tano. Odete akajibu kwamba baba anaweza kusema hivyo, ila yeye ameona saba. Familia ikapata msaada wa majaruba saba na Mzee Inasio akanuna wiki nzima. Alipozeeka, kabla hajatutangulia, alikuwa akikisimulia kisa hicho kwa majigambo, na kila mwaka majaruba yaliyoliwa yalizidi kuongezeka.

Alisoma Shule ya Msingi Kilambo tangu mwaka 1987 hadi 1993, kisha sekondari mjini Mtwara kuanzia 1994 hadi 1997, akiishi kwa shangazi yake Chikongola. Hakuwa wa kwanza darasani. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti ya kidato cha tatu kwamba mwanafunzi huyu hamalizi mitihani kwa sababu anarudia kuhakiki maswali aliyokwisha kuyapata, na Mama Rosalina ameitunza ripoti hiyo mpaka leo pamoja na cheti cha ubatizo. Mwaka 1999 alijiunga na chuo cha kilimo, Naliendele, akahitimu mwaka 2001.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa palepale Naliendele, kwenye utafiti wa korosho, tangu 2002 hadi mwishoni mwa 2015. Alikuwa msaidizi, yule anayetembea shambani na daftari huku watafiti wakingoja ofisini. Mikorosho mia nne aliijua kwa namba zake, na mingine aliijua kwa tabia: huu mvivu, huu unazaa kwa hasira, huu umeharibiwa na salfa iliyopuliziwa siku ya upepo. Miaka kumi na mitatu na zaidi ya kazi hiyo ilimfanya awe mwepesi wa kutembea na mzito wa kukubali neno la mtu, na waliokaa naye nyumba moja wanajua kwamba sifa hizo mbili si rahisi kuishi nazo.

Tarehe 24 Juni 2006 alifunga ndoa takatifu na Mikaeli Chitanda, fundi wa majokofu, ambaye walikutana alipokuja Naliendele kutengeneza friji la kuhifadhia mbegu. Siku ya harusi, kati ya chakula na keki, bibi harusi alitoweka. Alionekana jikoni nyuma ya ukumbi, gauni amelikunja mpaka magotini, akimuuliza mpishi pilau imemaliza mkaa kiasi gani. Mshereheshaji akalitangaza jambo hilo kwenye spika na Mikaeli akasimama kujibu kwamba yeye alishaulizwa jana yake kuhusu petroli ya magari. Mungu aliwajalia watoto wawili, Anna mwaka 2008 na Odilo mwaka 2012.

Januari 2016 alihamia kwenye kazi iliyompa jina, katika ofisi ndogo ya watu watano iliyopo ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Chikongola. Wengi wetu hatukuielewa kazi hiyo, na mama alizoea kuwaambia majirani kwamba binti yake anaandika korosho. Ni hivi. Korosho anayokula mtu Ulaya imepita mikono mingi: mti wake umepuliziwa salfa, yenyewe imebebwa kwa lori, imepikwa kwa mvuke, imebanguliwa, imekaushwa, imepanda meli, na mwisho mfuko wake umetupwa jalalani. Kila hatua imekula kitu, mafuta au maji au kuni au umeme, na imeacha kitu hewani au ardhini. Odete alikusanya na kutunza taarifa za hatua hizo zote, ili anayetaka kujua bidhaa imeichosha dunia kiasi gani, tangu shambani hadi jalalani, apate jibu la kuaminika. Watani wetu tangu jana wanalizunguka jeneza wakiuliza mbao zimetoka msitu gani na fundi ana kibali cha nani. Mikaeli amewajibu kuwa ni mfenesi wa nyuma ya nyumba ulioanguka wenyewe, na kwa kweli marehemu angetaka kujua hilo kabla ya mtu yeyote.

Alikuwa na kanuni zake ofisini. Kila tarakimu ilipaswa kuwa na chanzo kando yake: nani alisema, lini, na aliulizwa nini. Palipokosekana jibu aliandika "haijulikani". Hakukubali paachwe wazi, sembuse kuwekwa sifuri, kwa kuwa sifuri nayo ni jibu. Shaheen, binti wa wenye maduka wa Mikindani aliyeanza kazi chini yake mwaka 2018, anasema mwezi wake wa kwanza alirudishwa Nanyamba mara mbili kwa ajili ya uzito wa gunia moja, na mara ya pili alilia ndani ya gari. Wataalamu wa nje walipoijazia Mtwara umeme wa maporomoko ya maji, kwa kudhani nchi nzima ni moja, Odete aliwaandikia kwamba umeme wa huku wakati huo unatoka kwenye gesi ya Mnazi Bay, akawataka waje wauone moshi wenyewe. Hawakuja, lakini walirekebisha.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo familia inataka lisemwe kabla udongo haujarudishwa.

Mwezi Machi 2019 ofisi yake ilichukua kazi ya kukipima kiwanda cha kubangua korosho cha Bwana Naveed, kilichopo njia ya kwenda Msimbati. Kiwanda kiliajiri akina mama mia moja na sitini, na Mama Rosalina alikuwa mmoja wao tangu mwaka 2017, baada ya kuacha bonde na kuhamia huko kwa Pascal. Pascal mwenyewe alikuwa na miezi minne kazini, mchochea boila, ule mtambo wa mvuke. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wameahidi nembo ya bidhaa safi kwa kiwanda kitakachopata alama nzuri, na nembo hiyo ilimaanisha kazi ya mwaka mzima badala ya msimu. Odete alikuja na fomu zake. Kwenye fomu ya nishati kulikuwa na swali lililoandikwa hivi: kwa mwezi, kiwanda kinanunua kuni kiasi gani? Akamuuliza mdogo wake, maana ndiye aliyekaa na moto. Pascal akajibu, "Hatununui."

Jibu hilo lilikuwa la kweli. Boila ilichochewa kwa maganda ya korosho yenyewe, na hakuna kipande cha kuni kilichowahi kununuliwa. Ila tangu Desemba hadi Aprili mvua ikinyesha, maganda yaliyorundikwa uani yalilowa, yakawa yanatoa moshi bila moto. Bila moto hakuna mvuke, na bila mvuke korosho haibanguliki, mama anarudi nyumbani mikono mitupu. Basi akina mama walijipangia zamu. Kila siku wanane kati yao walipitia mkononi mwa bahari, kwenye mikoko, na kila mmoja alifika kazini na tita la kuni kichwani. Hawakuamrishwa na mtu. Bwana Naveed hakuuliza, naye alipoona mvuke umepanda alimshukuru Mungu. Kwanza waliokota matawi makavu, baadaye wakakata miti mibichi. Na kwa kuwa kuni hizo hazikununuliwa, kwenye fomu hazikuwepo, na kwenye kompyuta ya Odete kukaandikwa sifuri, chanzo mchochea boila.

Pascal alijua siku ileile kwamba swali limepita pembeni ya kuni. Aliyaona matita kila asubuhi, na mengine aliyapokea kutoka kichwani kwa mama yake. Alinyamaza kwa sababu kukata mikoko kunakatazwa na aliogopa akina mama watakamatwa. Alinyamaza kwa sababu kazi ilikuwa mpya. Na alinyamaza, hii ndiyo kubwa, kwa sababu alimwona dada yake anatabasamu juu ya ile fomu, akaona raha kuwa yeye ndiye aliyemfurahisha.

Nembo ilipatikana. Kwa miaka mitatu kiwanda kilifanya kazi bila kusimama, watoto walisoma, nyumba kadhaa ziliezekwa bati. Ile sifuri nayo ikasafiri. Iliingia kwenye ghala la takwimu ambalo watu wa nchi nyingine huazima, ikawa ndiyo kipimo cha korosho ya Mtwara.

Jumapili moja ya Februari 2022 Odete alikwenda kumsalimia mama baada ya misa. Akamkuta uani anasugua matope meusi miguuni, yale ya mikokoni yasiyotoka kwa maji peke yake. Akadhani mama amekwenda kutafuta kaa. Mama akamwambia, bila wasiwasi wowote, kwamba zamu yake ya kuni za kiwandani ni kesho, ila ametangulia kukata leo ili asichelewe. Odete akauliza zamu hiyo imeanza lini. Mama akasema ipo tangu yeye aanze kazi. Pascal alikuwa amekaa kizingitini anakula.

Dada yake alimgeukia akamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Kwa nini hukuniambia?"

Pascal akasema, "Hukuuliza zinazoletwa, dada. Uliuliza zinazonunuliwa."

 Odete akasema kwamba ni kweli, swali lake lilikuwa bovu, kwani aliliandika kama mtu asiyejua kuwa mama yake hubeba kuni kichwani. Akatoa daftari kwenye mkoba, akaandika jambo, akala chakula chake chote, akaaga. Pascal alishukuru kwamba hakugombezwa. Angegombezwa ingekuwa nafuu.

Wiki iliyofuata Odete aligundua lililomnyima usingizi. Kiwanda kingine, cha huko bara ya mkoa wetu, kilikuwa kimeorodhesha kuni zake zote kwa ukweli, tita kwa tita. Kilipolinganishwa na sifuri ya kwa Bwana Naveed kilionekana kichafu, kikanyimwa nembo, na akina mama wake mia moja wakaambiwa wakae nyumbani. Kusema kweli kuliwaponza. Hapo ndipo palipokuwa na mzigo wake: akisahihisha, mama yake na jirani zake watakosa kazi, akinyamaza, wale wengine wataendelea kulipia ukweli wao, na kila atakayepimwa kesho atapimwa kwa uongo wenye jina la Odete chini yake.

Alikwenda kwanza kwa akina mama. Aliwakuta kwenye banda la kubangulia, mikono imepakwa mafuta kuzuia utomvu, akawaeleza jambo lote na akaomba ruhusa ya kupima matita getini kwa miezi miwili. Msemaji wao alikuwa Bi Hadija, aliye hapa pamoja nasi leo. Bi Hadija alimwambia, "Wewe mama yako ni mbanguaji, Odete. Ukishaandika hayo, sisi tutakula nini?"

"Sijui, mama yangu," Odete akasema. "Jina la mtu sitaandika hata moja. Uzito nitauandika."

Walibishana mpaka kengele ya mchana. Hawakumkubalia, ila hawakumzuia, na Bi Hadija mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka tita lake kwenye mzani siku ya Jumatatu. Alisema jana, tulipokuwa tunapika uji wa msiba, kwamba aliweka kwa hasira, apate kumwonyesha Odete jinsi tita lilivyo zito. Lilikuwa kilo ishirini na sita.

Hesabu ikaonyesha kwamba kwa msimu mmoja wa mvua zilitoka zaidi ya tani ishirini za mikoko. Tarehe 2 Mei 2022 Odete aliandika masahihisho, akaituma hesabu mpya kwa wanunuzi na kwa kila aliyewahi kuazima ile ya zamani. Mfumo ulimtaka aeleze chanzo cha kosa. Mbele yake kulikuwa na jina la mdogo wake, mchochea boila, aliyejua. Alilifuta. Mahali pake akaandika: kosa la mkusanya taarifa, swali halikuulizwa inavyopaswa.

Yaliyofuata mnayajua. Wanunuzi walisimamisha nembo. Kiwanda kilifungwa Agosti, kwa miezi saba. Wanakwaya waliomwimbia Odete harusini walihama benchi alipokaa, na pale sokoni Chikongola muuza dagaa mmoja alimwambia akapime dagaa wa mahali pengine. Ofisini kwake walilisoma neno "kosa la mkusanya taarifa" kama lilivyoandikwa, na mkataba wake ulipoisha Desemba 2022 haukuongezwa. Hakujitetea. Mikaeli alimwuliza mara nyingi ni nani hasa aliyempa ile sifuri, naye akajibu kila mara kuwa ni yeye mwenyewe. Pascal alikuwa akila mezani kwao kila Jumapili, na kila Jumapili alinyamaza.

Tuseme pia kilichokuja baadaye, kwa kuwa kazi yake haikupotea. Kile kiwanda cha bara kilipimwa upya na kupewa nembo yake. Bwana Naveed alijenga ghala la bati la kuhifadhia maganda yakiwa makavu, akalionyesha kwa wanunuzi, na Machi 2023 kazi ikaanza tena na alama ya wastani lakini ya kweli. Katika akina mama mia moja na sitini walirudi mia moja na kumi. Wengine walikuwa wameshaenda kwa watoto wao Dar es Salaam, wawili wamefariki, na wengine walisusa tu. Mikoko inaota, ingawa upande mmoja bado ni upara. Odete aliendelea na kazi kwa kujitegemea, akiwafundisha makarani wa vyama vya msingi vya wakulima jinsi ya kuuliza maswali. Somo lake la kwanza, wanasema, lilikuwa ni kuwapeleka jikoni kwa mwenye nyumba kabla ya kufungua fomu.

Ugonjwa ulianza kwa miguu kuvimba, Oktoba 2023, akasingizia kutembea. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa hili mpenda ukweli wetu alikuwa mficha maradhi mkubwa. Januari 2024 alibainika kuwa na maradhi ya figo yaliyokwisha kukomaa. Kwa mwaka mmoja na nusu alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, hospitalini Mtwara. Mikaeli alifunga karakana siku hizo ili akae naye, na Anna alijifunza kumpikia chakula kisicho na chumvi. Familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi, hata yule muuguzi aliyelalamika kuwa mgonjwa anamhoji kuhusu maji ya mashine yanakomwagwa.

Mwezi Juni mwaka huu Pascal alikwenda kukaa naye mchana mmoja, wakiwa wawili. Akamwambia kwamba miaka mitatu amebeba jambo, kwamba ile kazi aliipoteza kwa ajili yake, na kwamba anaomba msamaha. Akalia sana. Odete alimwacha amalize, akajiinua kwenye mto.

"Mimi nilikusamehe siku ileile, kabla sijamaliza ugali," akamwambia. "Lakini taarifa ikikosewa haiombewi msamaha, Pascal. Inasahihishwa."

Pascal akauliza kwa nini basi aliandika uongo, yeye asiyesema majaruba nane akiona saba. Odete akakiri kwamba lile ndilo neno pekee aliloliandika kazini akijua si lote. Alisema alikuwa akingoja mwenyewe aje kulikamilisha, maana si haki yake kumsemea mtu mzima. Pascal akaahidi atakwenda ofisini wiki hiyo. Wiki ikapita, na nyingine, na nyingine. Alikuwa na sababu nzuri kila wiki.

Odete alifariki dunia Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa tisa alasiri, hospitalini Mtwara, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Mume wake alikuwa amemshika mkono na mama yake alikuwa miguuni pake. Pascal alikuwa kazini, kwenye boila, akapigiwa simu.

Jana Jumatano, kabla ya kuja kuchimba kaburi, Pascal alipanda ngazi za ile ofisi ya Chikongola. Shaheen ndiye anayetunza taarifa siku hizi. Alikuwa amevaa kanga ya msiba, anafunga mlango ili aje huku. Alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akarudi ndani, akawasha kompyuta, akamuuliza kwa utaratibu wote: nani anasema, lini, na aliulizwa nini. Pascal akajibu. Shaheen alipomaliza kuandika alifuta macho, akamsomea, na maneno hayo yapo sasa mahali ambapo mtu wa nchi yoyote anaweza kuyaona:

"Kuni za mikoko zilizoletwa na wafanyakazi hazikuorodheshwa mwaka 2019. Mchochea boila, Pascal Inasio Nandule, alizijua na hakusema. Mkusanya taarifa, Odete Inasio Nandule, ndiye aliyezigundua, akazipima, na akasahihisha."

Jana hiyohiyo jioni Pascal aliwasomea wanafamilia wasifu huu wote. Mikaeli alitoka nje, akakaa huko kwa muda mrefu, akarudi akamshika shemeji yake bega. Mama Rosalina aliomba asomewe tena pale kiwanda kilipofungwa. Akasomewa.

"Umeniruka," akasema mama. "Andika na mimi. Andika kwamba mwaka ule sikumwitikia mwanangu salamu miezi saba, na kila Jumapili alikuja akaniamkia mlangoni."

Imeandikwa, mama.

Marehemu ameacha mume, Mikaeli Chitanda. Watoto wawili, Anna na Odilo. Mama yake mzazi, Rosalina, ambaye leo asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, aliinama akaitikia, "Marahaba, mwanangu," mara nyingi, mpaka akatosheka. Shangazi, mashemeji na jamaa wa ng'ambo zote mbili za Ruvuma. Na mdogo wake Pascal, ambaye akishaiweka chini karatasi hii atashika kamba ya kuteremshia jeneza, upande wa kichwani.

Amani ya Mungu imlaze Odete, na usingizi wake uwe mwema.